Jumba la Winchester: vipindi vya mizuka vinasimulia historia au vinaifunika?

Mfuatiliaji:
Wapenzi wa historia, nimekuwa nikifuatilia mfululizo wa televisheni unaozuru maeneo yanayosemekana kuwa na mizuka, na sehemu iliyonigusa zaidi ni ile ya jumba la Sarah Winchester huko San Jose, California. Msimulizi alieleza kwamba mjane huyo, aliyerithi mali ya kiwanda cha bunduki, aliambiwa na mtu anayezungumza na wafu kwamba asipojenga usiku na mchana, roho za waliouawa kwa bunduki hizo zingemwandama. Kisha tukaonyeshwa mlango wa juu unaofunguka hewani na ngazi inayoishia darini. Je, katika hayo yapi yana ushahidi?

Msoma Nyaraka:
Ndugu, anza na tetemeko la ardhi la tarehe 18 Aprili 1906. Liliangusha mnara wa ghorofa 7 wa jumba hilo na kubomoa sehemu za juu ambazo mwenyewe hakuzijenga tena, ndiyo maana baadhi ya milango iliyoelekea mahali fulani ikabaki ikielekea hewani. Hata vile vidato vyenye kimo cha sentimita 5 hivi, vinavyoelezwa kuwa mtego wa kuipoteza mizuka, vilimfaa mwanamke ambaye baridi yabisi ilimzuia kuinua miguu. Barua zake zinaonyesha kwamba nyakati nyingine aliwasimamisha maseremala ili apumzike, kwa hiyo dai la ujenzi usiokoma haliwezi kusimama. Ama huyo mzungumza na wafu, hana ushahidi wowote wa maandishi ya wakati ule.

Binti Simulizi:
Nayakubali hayo yote, lakini tusiitupe hadithi yenyewe, kwa sababu haikuzuliwa na televisheni. Mwaka 1895, Sarah akiwa hai, gazeti la San Jose lilikwisha kuchapisha uvumi kuhusu ujenzi wake. Alikuwa tajiri, mjane tangu 1881, aliyempoteza mtoto wake wa pekee, Annie, akiwa mchanga mwaka 1866, naye aliishi kwa faragha bila kujieleza kwa umma. Majirani walioujaza ukimya huo wametuachia ushahidi wa namna walivyomtazama mwanamke wa aina hiyo, na pengine wa namna damu iliyomwagwa kwa bunduki ilivyowasumbua. Alifariki Septemba 1922, na mwaka uliofuata watalii wakaanza kuingia. Hapo uvumi ukawa biashara. Kipindi kitakachofuatilia nani alisema nini, na lini, kitanivutia kuliko taa zilizozimwa na muziki wa kutisha.

Mfuatiliaji:
Nawashukuru nyote. Nimeirudia sehemu ile nikiwa na maelezo yenu mkononi: tetemeko lilitajwa kwa sentensi moja tu, tena kama adhabu iliyoletwa na mizuka, na Annie alitajwa ili kutisha. Nitawaandikia watayarishaji, na nitaanza na huyo mtoto.