Barua tatu za rambirambi kwa misiba isiyofanana

Swali
Ndugu zangu, nina barua tatu za rambirambi za kuandika, na kila nikianza najikuta narudia sentensi zilezile. Mwenzangu wa kazini amejifungua mtoto aliyekwisha kufa tumboni. Rafiki yangu amefiwa na baba aliyeugua maradhi ya kusahau kwa miaka mingi. Na wa tatu, kaka yake amejitoa uhai. Baada ya "pole kwa msiba", niandike nini?

Jibu la kwanza
Kwa huyo mama, kama mtoto alipewa jina, litaje, kwa kuwa huenda wewe ukawa mtu pekee atakayeliandika. Usimwambie kwamba umri bado anao na atapata mwingine, maana anayemlilia ni huyu. Barua iwe ya wazazi wote wawili; baba husahauliwa mno katika msiba wa namna hii.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu rafiki yako. Aliyeuguza maradhi ya kusahau huwa amempoteza mzazi kidogo kidogo, na siku ya kifo hujikuta ana huzuni, nafuu, na aibu ya kuiona hiyo nafuu. Kwa hiyo "afadhali amepumzika" mwachie aiseme mwenyewe. Wewe mwandikie jambo moja ulilolishuhudia kabla ya ugonjwa, kama vile mzaha wake au namna alivyokusahihisha ulipokosea, ili umrudishie baba aliyekuwa amefunikwa na mgonjwa.

Barua ya tatu ndiyo nzito. Usiulize ilikuwaje, wala usitafute sababu, kwa kuwa mfiwa anajihoji usiku kucha bila msaada wako. Mtaje marehemu kwa maisha yake, kama ambavyo ungefanya angekufa kwa homa. Na "kazi ya Mungu haina makosa", hata kwa mtu wa imani, ningeiacha hapa.

Jibu la tatu
Hakikisha habari kabla ya kuandika. Mnamo Novemba 1864, barua yenye jina la Rais Abraham Lincoln wa Marekani ilimpa pole mjane Lydia Bixby kwa kufiwa na wana watano vitani. Baadaye ilibainika kwamba waliouawa vitani walikuwa wawili. Barua hiyo inasifiwa hadi leo kwa lugha yake, lakini mimi nisingependa kuipokea.

Pia "ukihitaji chochote niambie" humwongezea mfiwa kazi ya kufikiri na kuomba. Taja jambo na siku, kisha umwambie asijisumbue kujibu.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Ile ya tatu nimeianza hivi: "Kaka yako alinifundisha kuendesha baiskeli, akakimbia nyuma yangu akiwa ameshika kiti, na sikujua aliniachia saa ngapi. Jumamosi asubuhi nitakuja kukaa nawe. Si lazima tuzungumze."