Tupeane uzoefu: mazoezi ya umakinifu kwa wenye sonona, watu hukwama wapi?

Mwanzisha mada: Umakinifu (mindfulness) ni kutazama mawazo, hisia na mwili vilivyo sasa hivi bila kuvihukumu. Wengi huja wakitaka akili inyamaze. Haitanyamaza. Mnaoyafundisha, semeni mtu hukwama wapi hasa na mnamkwamuaje.

Mshumaa: Tiba hii ya umakinifu iliundwa na wanasaikolojia Segal, Williams na Teasdale ili sonona isirudi, na utafiti wao wa mwaka 2000 ulionyesha faida kwa walioiugua mara 3 au zaidi. Ni wiki 8, kikao cha saa 2 kila wiki, na mazoezi ya nyumbani kama dakika 45 kila siku, siku 6 kwa wiki. Sasa mtu ambaye hata kuamka kitandani ni kazi, ukimpa dakika 45 atashindwa, kisha ajihesabie kosa jingine. Huyo aanzie kwa daktari.

Pwani Shwari: Mimi nasemea zoezi la kupitia mwili, yaani kupeleka umakini kiungo kimoja kimoja. Lala chali, anza na vidole vya mguu wa kushoto, panda taratibu hadi utosini. Kinachoharibu ni usingizi (sonona inachosha jamani, si uvivu). Kaa kitini, fumbua macho, na usifanye ukiwa umetoka kushiba ugali. Mguu usipousikia, tambua tu kwamba hausikiki, uendelee.

Fundi Pumzi: Mimi natetea zoezi la dakika 3. Ya kwanza: nawaza nini, najisikiaje, mwili ukoje? Ya pili, fuata pumzi tumboni. Ya tatu, tandaza umakini mwili mzima, mpaka usoni. Watu huiruka ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayouma, wakakimbilia pumzi. Hapo wamejificha tu. Fanya mara 3 kwa siku, hata siku njema; lishikize kwenye chai ya asubuhi usisahau.

Mgeni: Na wazo la "mimi sifai" likija?

Fundi Pumzi: Usibishane nalo, litakushinda. Sema: "naona wazo linalosema sifai."

Mshumaa: Aliyewahi kukabwa au kupigwa, pumzi yenyewe inaweza kumtisha. Mpe nyayo sakafuni au sauti za nje, macho wazi. Dawa zisiachwe ghafla: katika utafiti wa Uingereza wa 2015, wenye watu 424, waliopewa tiba hii walisaidiwa kupunguza dozi hatua kwa hatua, daktari akijua. Na anayewaza kujiua asingoje kikao cha wiki ijayo. Apelekwe hospitali leo, na asiachwe peke yake njiani.