Kinanda cha Winchester: huyu Wesley ni mmoja au wengi?

Swali (Kampala)
Habari zenu, ndugu wanakwaya. Naandaa somo la kwaya kuhusu kanisa kuu la Winchester, Uingereza. Jina la S. S. Wesley, mpiga kinanda wake wa zamani, nalikuta pia kwenye makanisa ya Hereford, Exeter, tena Gloucester. Ni mtu mmoja?

Jibu (Jinja)
Mmoja huyo huyo, Samuel Sebastian. Hakukaa sana mahali. Hereford kuanzia 1832, Exeter 1835, Leeds 1842, Winchester 1849, Gloucester 1865 hadi alipofariki 1876. Baba yake, Samuel, naye alipiga kinanda, ndiyo maana watu huwachanganya. Charles Wesley wa tenzi ni babu yake.

Jibu (Mbale)
Mwalimu, kazia kinanda chenyewe. Henry Willis alikijengea Maonyesho Makubwa ya London, 1851: sauti 70 (yaani safu za mabomba, kila moja na mlio wake), kibodi tatu za mikono. Wesley akalihimiza kanisa likinunue; kikapunguzwa hadi sauti 49, kikaanza kulia Winchester 1854. Waonyeshe vile vitufe chini ya kibodi. Kidole gumba kinabonyeza kimoja, kundi zima la sauti linabadilika, na vidole vingine havijaachia noti. Bila hivyo unaondoa mkono kuvuta vishikizo vya sauti kimoja kimoja, au unatafuta msaidizi, na akichelewa pigo moja wimbo umeharibika.

Jibu (Jinja)
Nyongeza: shairi la Wulfstan, mtawa wa Winchester, linasifu kinanda cha Winchester cha karne ya 10, mabomba 400, mivukuto 26, wanaume 70 wakipuliza jasho likiwatoka. Hao 70 nadhani ni chumvi ya mshairi. Na lilikuwa kanisa la zamani; la sasa lilianza kujengwa 1079.