Je, Macbeth alidhulumiwa jukwaani?

Katika tamthilia ya Shakespeare, Macbeth anamuua mfalme wake, mzee Duncan, akiwa usingizini, kisha anatwaa ufalme wa Uskoti. Wapo wasemao kwamba mtunzi wa tamthilia hadaiwi ukweli, na kwamba anayetaka historia ya Uskoti awaendee wanahistoria. Naikubali nusu tu.

Macbeth wa kweli, aliyetawala kuanzia 1040 hadi 1057, hakumchinja mzee aliyelala. Duncan alikuwa hajazeeka, alikuwa ametoka kushindwa alipouzingira mji wa Durham, na aliuawa vitani karibu na Elgin baada ya kuingia na jeshi katika Moray, nchi ya Macbeth mwenyewe. Mwaka 1050 Macbeth alikwenda kuhiji Roma, ambako, kwa maneno ya mwanatarehe wa karne hiyohiyo, aliwamwagia maskini fedha kama apandaye mbegu. Mfalme anayetetemekea kiti chake hakiachi akaenda mbali kiasi hicho. Mkewe, Gruoch, alikuwa na mtoto wa ndoa ya kwanza, Lulach, na huyo ndiye aliyerithi ufalme.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema sanaa ni sanaa. Lakini mtazameni Banquo, mwenzake Macbeth anayeuawa kwa amri yake katika tamthilia. Katika kitabu cha historia cha Holinshed, ambamo Shakespeare alichota kisa chake, Banquo anajua njama ya kumuua Duncan na anaiunga mkono. Jukwaani ametakaswa, akageuzwa mhanga. Tamthilia hudhaniwa kuwa iliandikwa mnamo 1606, miaka 3 baada ya Mfalme James wa Uskoti kurithi kiti cha Uingereza, na ukoo wa James ulijinasibisha na Banquo huyohuyo, ambaye wanahistoria wa leo wanaamini kwamba hakuwahi kuishi. Kwa hiyo alisafishwa babu wa kubuni wa mfalme aliye hai, akapakwa matope mfalme wa kweli asiye na kizazi cha kumtetea. Huo si uhuru wa msanii peke yake. Ni adabu ya mtu aliyeijua meza anayolia chakula.

Wapo watakaojibu kwamba bila tamthilia hiyo Macbeth angesahauliwa, nao wana haki. Hata kwetu, S. S. Mushi alipoitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968, aliyevuka bahari ni yule muuaji, si yule aliyehiji Roma.

Sidai neno lolote lifutwe. Nataka mwalimu anayeifundisha aanze na habari za Moray kabla ya kufika kwa wachawi wa tamthilia. Anayeona kwamba hilo litaua utamu atueleze: ni onyesho lipi linalopungua nguvu mtu akishajua kwamba Duncan hakuwa mzee?