Kura ya manispaa Uhispania 2027 kwa wenye pasi ya Uingereza: padroni peke yake haitoshi

Kutoka: Mama Nasra (kusini mwa Alicante)

Assalaam aleykum, na wengine wote hamjambo.

Nauliza kuhusu uchaguzi wa manispaa wa Mei 2027. Mimi na Baba Nasra sote tuna pasi ya Uingereza, tulikaa Leicester miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Mimi nilitangulia na kibali changu katikati ya 2023, yeye akafuata mwisho wa 2024 alipomaliza mambo ya kazi. Sote tumeandikishwa padroni, ile orodha ya wakaazi ya manispaa, karatasi tunazo. Sasa majirani Waingereza kila mmoja ana lake. Huyu anasema ukishaingia padroni jina linakwenda lenyewe kwenye daftari la wapiga kura. Yule anasema Brexit imefuta kila kitu. Nani wa kuaminiwa?

Siulizi kwa ajili ya siasa. Mtaani kwetu ikinyesha mvua maji yanaingia hadi barazani, na tumechoka kuandika barua.

---

Kutoka: Baba Khalid (Torrevieja)

Wa aleykum salaam. Mama Nasra, usijisumbue. Haki ile ilikuwa ya raia wa Umoja wa Ulaya. Uingereza ilitoka tarehe 31 Januari 2020, yakaisha. Mimi niko hapa tangu 2009 na nilikuwa napiga kura vizuri tu. Mwaka 2023 sikupata hata barua.

---

Kutoka: Bi Rukia (Málaga)

Shikamoo Baba Khalid. Uniwie radhi, lakini 2023 haki ulikuwa nayo.

Tarehe 21 Januari 2019, Uingereza ikiwa bado ndani ya Umoja, serikali mbili hizi zilitia saini mkataba wao wenyewe kuhusu kura za serikali za mitaa. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake. Baadaye Uingereza ikafanya hivyo na Ureno, Luxembourg, Poland na Denmark. Kwa hiyo mwenye pasi ya Uingereza anayeishi hapa kihalali anachagua madiwani wa mji wake, na akitaka anagombea. Bunge la Madrid hapana, serikali ya jimbo hapana, Bunge la Ulaya nalo hapana. Manispaa tu.

Kilichobadilika ni utaratibu. Zamani, kama raia wa Umoja, ulitamka mara moja kwamba unataka kupiga kura huku, jina likabaki daima. Sasa sisi tumo kwenye kundi la nchi zenye makubaliano na Uhispania, pamoja na Norway, Colombia, Peru, New Zealand na wenzao, na kundi hili huomba upya kila uchaguzi. Aliyeomba 2023 asijidanganye kwamba 2027 yumo.

Mama Nasra, wewe tofautisha mambo mawili. Padroni ni orodha ya wakaazi, na kila anayeishi Uhispania anatakiwa na sheria aandikishwe, hata asiye na kibali. Manispaa ndiyo inayoishika. Daftari la wapiga kura ni kitu kingine, linashikwa na taasisi ya takwimu ya taifa, INE. Bila padroni huwezi kuingia kwenye daftari, lakini kuwa padroni hakukuingizi. Lazima uombe.

Na kuomba kuna dirisha lake. Kwa uchaguzi wa tarehe 28 Mei 2023, dirisha lilifunguliwa 1 Desemba 2022 likafungwa 15 Januari 2023. Uchaguzi wa manispaa hufanyika Jumapili ya nne ya Mei kila baada ya miaka 4, yaani safari hii ni 23 Mei 2027. Kwa hiyo anzeni kufuatilia tangazo kuanzia Novemba 2026. Sijui nani alichagua majira hayo, maana Desemba ndiyo nusu ya watu wako Leicester kwa wajukuu na nusu nyingine wako Mombasa. INE huwatumia barua watu inaowaona kuwa wanastahili, yenye namba ya siri ya kuombea kwenye intaneti. Usipopata barua haina maana huna haki, Baba Khalid. Unakwenda mwenyewe manispaa, ile nyumba iliyoandikwa Ayuntamiento, na pasi yako na kadi ya ukaazi, unajaza fomu. Huenda wakataka pia cheti cha polisi kinachoonyesha umekaa muda gani, na hicho kina miadi yake, basi msikiache mpaka wiki ya mwisho.

Sharti linalowakata wengi ni miaka 3. Siku unayoomba uwe umeshakaa Uhispania kihalali miaka 3 mfululizo. Wanahesabu ukaazi wenye kibali. Siku uliyonunua nyumba haihesabiki, wala ile miezi ya kuja na kurudi kama mtalii. Mama Nasra, ikiwa kibali chako ni cha katikati ya 2023, ifikapo Desemba 2026 umetimiza. Baba Nasra hajatimiza. Mpe pole, zamu yake ni 2031.

Halafu kuna mtego ambao majirani zako hawakukwambia. Mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya, na ambaye bado hana ukaazi wa muda mrefu, hutakiwa kuhuisha padroni kila baada ya miaka 2. Asipohuisha, manispaa inamfuta. Wewe uliyeingia 2023 ulitakiwa kuhuisha 2025. Ulihuisha? Kama hukumbuki, nenda kaombe hati mpya ya padroni wiki hii. Ile ya zamani iliyo kwenye faili haithibitishi kwamba bado umo. Nimeona watu wamebeba karatasi nzuri yenye mhuri na jina lao lilishafutwa zamani.

---

Kutoka: Odhis (Valencia)

Bi Rukia asante, lakini sisi wenye pasi za nyumbani je? Nilipokuwa Birmingham nilipiga kura kwa pasi yangu ya Kenya, ya udiwani na hata ya ubunge, hakuna aliyenisumbua. Nimekuja huku kwa kazi naona kimya.

---

Kutoka: Bi Rukia (Málaga)

Odhis, kule ulipiga kwa sababu Kenya imo Jumuiya ya Madola. Mkenya, Mtanzania, Mganda, na Mnyarwanda tangu 2009, akiwa na ukaazi halali Uingereza anapiga kura zote kama mwenyeji. Mkongo na Mrundi hawana hiyo, isipokuwa wakiwa Scotland au Wales, ambako siku hizi kila mkaazi halali anapiga kura ya serikali ya mtaa na ya bunge la kule.

Uhispania mambo ya Madola hawayatambui. Wanatazama nani ana mkataba nao, na katika Afrika nzima nchi niionayo kwenye orodha ni Cape Verde. Wala Kenya wala Tanzania. Njia iliyobaki kwako ni uraia, na kwa kawaida ni baada ya miaka 10 ya ukaazi halali. Wa kutoka Amerika ya Kihispania na Guinea ya Ikweta wanaomba baada ya 2. Watanzania wafikiri mara mbili hapo, kwa kuwa sheria ya nyumbani hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia mbili. Wakenya mliruhusiwa na katiba ya 2010, ila Uhispania nayo itakutaka utamke kuwa umeuacha wa zamani.

Lakini padroni usiiache kwa sababu huna kura. Ndiyo inayokufungulia shule ya watoto na kadi ya hospitali, na kwa asiye na kibali ndiyo ushahidi wa tangu lini yuko nchini, siku atakapoomba kuhalalishwa.

---

Kutoka: Mwalimu Saidi (Toulouse)

Mshukuru Mungu mlio Uhispania. Ufaransa haina mkataba kama huo na Uingereza. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2020 kulikuwa na madiwani Waingereza zaidi ya 700 katika vijiji vya Ufaransa, na uchaguzi ule hawakuruhusiwa kugombea wala kupiga kura. Mama mmoja Mwingereza aliyeishi mkoa wa Gers tangu miaka ya 1980 aliipeleka kesi hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Yeye alikuwa ameshapoteza na kura ya Uingereza pia kwa kukaa nje zaidi ya miaka 15, kwa hiyo hakuwa na kura popote duniani. Tarehe 9 Juni 2022 mahakama ikasema kura ile ilifuatana na uraia wa Umoja, na uraia huo umekwisha. Basi.

Huku kijijini mtu akitaka kura anaomba uraia wa Ufaransa. Wengi wamefanya hivyo.

---

Kutoka: Neema (Cork)

Hamjambo. Niongeze la Ireland kwa sababu watu wanalisahau. Hapa kura ya madiwani ni ya kila mkaazi mwenye miaka 18, pasi yoyote. Mimi ya kwangu ni ya Tanzania na nilipiga kura Juni 2024. Mwenye pasi ya Uingereza anapata zaidi: tangu walipobadilisha katiba 1984 anachagua pia wabunge wa Dáil, bunge la huku. Rais na kura za maoni ni za raia wa Ireland peke yao.

---

Kutoka: Baba Khalid (Torrevieja)

Marahaba Bi Rukia. Nimekusikia, na Desemba nitakwenda kuomba. Lakini tusidanganyane. Kura zenyewe ni za orodha ya chama, huchagui mtu. Majina wamepanga wao, mgeni wanamweka namba 9 ili picha ipendeze. Kisha anakuja kwenye mtaa wetu mara moja, anakula wali wa kamba na sisi, tunamwona tena baada ya miaka 4.

---

Kutoka: Bi Rukia (Málaga)

Orodha ni kweli zimefungwa, ila kwa vijiji vidogo sana vya watu 250 kushuka, huko unachagua majina. Lakini piga hesabu, baba. Mji wa watu kati ya 5,001 na 10,000 una madiwani 13. Meya hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, anachaguliwa na hao 13. Akipata 7 amepita. Viti vya mwisho kwenye miji hiyo hupotea au kupatikana kwa kura chache sana, na chama kinachokosa asilimia 5 hakipati kitu. Mkiwa mtaa mzima mmeandikishwa, hao wapanga orodha watawajia kabla hawajazichapisha. Msipoandikishwa hawana haja na nyinyi, na mimi ningekuwa wao ningefanya vivyo hivyo.

Na idadi ya padroni yenyewe ni pesa. Mgao wa serikali kuu unafuata wakaazi walioandikwa, na sheria nayo inafuata idadi: mji ukivuka watu 5,000 unalazimika kuwa na bustani ya umma na maktaba, ukivuka 20,000 uwe na zimamoto na huduma za jamii, ukivuka 50,000 uwe na usafiri wa mjini. Waingereza wanaoishi kimyakimya bila padroni kwa kuogopa kodi wanatumia mitaro iliyojengwa kwa hesabu isiyowahesabu. Mama Nasra, maji yako ya barazani huenda yameanzia hapo.

---

Kutoka: Mama Nasra (kusini mwa Alicante)

Ahsante sana Bi Rukia, Mungu akuzidishie. Nimekwenda manispaa, kumbe bado nimo, walinihuisha nilipobadilisha anwani. Baba Nasra amenuna. Mawili ya mwisho. Yeye akiandikishwa kura ya Uingereza itaharibu ya huku? Na mdogo wangu amepanga chumba, mwenye nyumba hataki aingie padroni.

---

Kutoka: Bi Rukia (Málaga)

Haiharibu. Ile ni ya bunge la Westminster, hii ni ya manispaa. Tangu tarehe 16 Januari 2024 kikomo cha miaka 15 kimeondolewa, kwa hiyo hata Baba Khalid aliyetoka 2009 anaweza kujiandikisha, kwa anwani yake ya mwisho Uingereza, kwenye intaneti. Kuna mzee Mwingereza aliyekuwa akiishi Italia, Harry Shindler, aliyeipigania hiyo miaka na miaka. Alifariki Februari 2023 akiwa na miaka 101, sheria imeshapita lakini haijaanza kutumika. Uandikishaji unadumu hadi miaka 3, kisha unahuisha. Msichague kura ya posta kutoka huku, bahasha huchelewa. Mteue ndugu aliyeko kule akupigie, na mwambieni kituoni atatakiwa kitambulisho chake mwenyewe chenye picha.

Odhis, kwa Kenya 2022 walifungua vituo katika nchi 12 na Uhispania haikuwemo, na ilikuwa kura ya urais tu. Ya 2027 ni tarehe 10 Agosti, fuatilia tume ya uchaguzi mapema.

Mama Nasra, kuhusu mdogo wako: ridhaa ya mwenye nyumba si sharti kama ana mkataba wa pango wenye jina lake. Aende na mkataba na pasi. Kama hana mkataba wa maandishi, anayeishi naye aliyekwisha kuandikishwa hapo anaweza kumtilia saini, au aiombe manispaa ithibitishe yenyewe kwamba anaishi pale, wana utaratibu wa kutuma mtu kuangalia. Wenye nyumba wengi wanakataa kwa sababu hawatangazi kodi ya pango. Hilo ni lao na serikali. Miadi aombe asubuhi mapema, nafasi hupotea haraka, na akipewa hati asome jina herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani. Wahispania wana majina mawili ya ukoo, sisi tuna la baba na la babu, na karani akiyapanga vibaya INE haitamwona.