Naomba ushauri: taneli ya VXLAN kati ya Nyakato na Sengerema inapitisha pakiti ndogo tu

Habari za kazi wakuu, poleni na majukumu.

Nimeunganisha swichi mbili kwa VXLAN (njia ya kubeba mtandao wa ndani wa ofisi juu ya mtandao mwingine), moja ipo ofisi ya Nyakato hapa Mwanza, nyingine tawi la Sengerema, juu ya faiba ya kukodi. Taneli imeunganika na VNI (namba za kutambulisha mtandao ndani ya taneli) zinafanana pande zote. Ping ya baiti 1400 inapita vizuri, ya 1472 isiyoruhusu kukatwa haipiti kabisa. Matokeo yake mfumo wa stoo unafunguka nusu halafu unaganda, na wenzetu wa Sengerema wanateseka na foleni ya wateja.

Najua VXLAN inaongeza baiti 50 kwenye kila pakiti. Nimepandisha MTU (ukubwa wa mwisho wa pakiti unaoruhusiwa) ya swichi zote mbili hadi 9000, hakuna badiliko. Mtoa huduma anasema njia yake mwisho ni 1500. Kompyuta moja niliyoishusha hadi 1450 inafanya kazi safi.

Naomba kujua: nishushe MTU kwenye kila kifaa (kuna printa na kamera ambazo hazina mpangilio huo), au nimbane mtoa huduma afike angalau 1550? Na kupunguza MSS (kiasi cha mwisho cha data ndani ya pakiti moja ya TCP) kwenye ruta kutasaidia kweli, wakati vifaa vya pande zote viko mtandao mmoja na havipiti kwenye ruta?