Mjadala: Halmashauri imlipie mtoto anayeteleza kwa matairi, au ni kumwaga hela?

Mleta mada (Mbeya mjini)

Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Mpwa wangu, binti wa miaka 14, anateleza kwa viatu vya matairi. Alivipata mitumbani Sido, namba sita wakati yeye anavaa tano, akasokomeza kitambaa kwenye vidole. Yeye na wenzake kama kumi na wawili wanafanyia mazoezi kwenye sakafu ya kituo cha mafuta kilichofungwa, maana ndiyo saruji pekee mtaani kwetu isiyo na nyufa. Ukipita jioni utamkuta anarudi kinyumenyume kwa mguu mmoja, anaruka, anazunguka hewani, anatua. Kuna siku anatua kwa goti.

Sasa kwenye mkutano wa mtaa vijana wakaomba halmashauri iwamwagie sakafu kwenye kiwanja cha wazi na iwalipie mwalimu awe anakuja mara moja kwa mwezi. Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Zahanati inavuja, ninyi mnataka kuteleza?" Na mimi, sitawaficha, nilicheka. Nilivyorudi nyumbani nikamkuta anaosha beringi kwenye kopo la mafuta ya taa, moja moja, anazipanga juu ya gazeti. Hakuniangalia.

Ndipo nikaanza kusoma kuhusu wanaofanya mambo hayo kwenye barafu, huko yalikokomaa. Kisa kimoja tu nitawapa. Nottingham, Uingereza, walikuwepo Jayne Torvill, karani wa bima, na Christopher Dean, askari polisi. Walikuwa wanafanya mazoezi kwa kuibia muda wa kazi na wa kulala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaacha kazi, na halmashauri ya jiji lao ikawapa ruzuku ya pauni 42,000. Hela ya walipa kodi, kwa watu wawili, wacheze dansi kwenye barafu! Februari 1984 huko Sarajevo wakachukua dhahabu ya Olimpiki, na majaji wote tisa wakawapa 6.0, alama ya juu kabisa, kwa upande wa sanaa.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Mwaka huohuo wakaacha ridhaa wakaingia kwenye kulipwa. Wakazunguka dunia na maonyesho yao. Wakarudi Olimpiki 1994 wakapata shaba, wakarudi tena kwenye maonyesho, na kuanzia 2006 wakawa wanawafundisha watu maarufu kuteleza kwenye televisheni. Hesabuni: kushindana ni miaka michache, kazi ni miaka arobaini.

Hoja yangu ni hiyo. Tukipima hela ya umma kwa medali tutaona hasara kila siku. Tupime kwa mtu anayebaki na ufundi wa kumlisha na wa kuwapa wengine. Karibuni, nipigeni mawe.

Mnyalukolo wa Kihesa (Iringa)

Kamwene. Jiwe la kwanza hili hapa.

Nottingham ilikuwa na ukumbi wa barafu tangu 1939, mkuu. Hao wawili walikulia humo. Jiji liliweka hela juu ya kitu kilichokuwepo. Wewe unaezeka kabla ya msingi.

La pili, usiwadanganye vijana kuhusu fungu la vijana. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Na ni mkopo. Hauna riba, sawa, ila unarudishwa, na unatolewa kwa kikundi. Mpwa wako ana miaka 14, atakopa kwa sahihi ya nani? Mwenzake akifuga kuku, kuku anauzwa. Kuzunguka hewani unakuuza Mwanjelwa kwa kilo?

Fundi friji (Mafinga)

Mimi siyo mtu wa michezo, ila hapa kuna watu watasema "tuna baridi, tujenge barafu kabisa", kwa hiyo niwahi.

Baridi yetu haihusiani. Ile sakitu ya Makete ya mwezi wa sita inayounguza viazi, saa tatu asubuhi imeshayeyuka. Barafu ya kutelezea inatengenezwa: sakafu, ndani yake mabomba mengi yamelala sambamba, yanapita maji ya chumvi au glaikoli (kimiminika kisichoganda upesi) iliyopozwa, juu yake unamwaga maji tabaka kwa tabaka mpaka sentimita tatu au nne. Halafu uishikilie kwenye hasi nne, hasi tano hivi, usiku na mchana. Umeme ukikatika siku nzima una bwawa la kuogelea lenye kina cha kidole. Nairobi waliweka wa kwao kwenye hoteli ya Panari mwaka 2005, lakini ile ni hoteli, na ni Nairobi.

Matairi ni kitu kingine. Sakafu ya mita 20 kwa 30, unene sentimita kumi, ni kyubiki 60. Piga saruji mifuko mia nne na ushee, kokoto, mchanga, na fundi anayejua kulainisha. Hela nyingi, ndiyo. Ila ni hela ya kujulikana, na hailipiwi umeme kila mwezi.

Na wanaosema matairi ni mchezo wa kitoto: Tara Lipinski wa Marekani alianzia kwenye matairi ana miaka mitatu, akahamia barafuni ana sita. Olimpiki ya Nagano 1998 akachukua dhahabu ana miaka 15.

Mama wa Tukuyu

Ndaga kwa wote. Baba mleta mada, mimi ni muuguzi, nitasema la mwili.

Fundi umesimulia dhahabu ya Lipinski, umeishia pazuri. Mwaka huohuo aliacha ridhaa, na mwaka 2000 alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Alikuwa na miaka 18. Alina Zagitova wa Urusi alichukua dhahabu 2018 ana miaka 15, na kabla 2019 haijaisha ameshaacha kushindana. Kisha Beijing 2022 dunia nzima ikamtazama binti wa miaka 15, Kamila Valieva, akianguka na kuanguka tena, kesi ya dawa zilizokatazwa michezoni iko juu ya kichwa chake. Juni mwaka huo shirikisho la kimataifa la mchezo huo likapiga kura kupandisha umri wa kushindana na wakubwa kutoka 15 hadi 17. Wenye mchezo wao wenyewe waliona wanakula mbegu.

Sasa halmashauri ikishatoa hela itataka picha. Itataka kombe la kuweka mezani kwa mkurugenzi. Na mwenye kusukumwa alete hilo kombe ni huyu wa goti. Watoto wetu wa UMITASHUMTA tunawaona, wanakimbia peku mpaka taifa, wanapigiwa makofi, miaka miwili baadaye unamkuta anauza ndizi stendi ya Uyole na kifundo hakikunji. Nani alimfuata?

Kwa hiyo sikatai sakafu. Nakataa hela ya kununua medali.

Dereva (Tunduma)

Mleta mada umepaka sukari hapo kwenye maonyesho. "Wakazunguka dunia." Mimi nazunguka pia, Tunduma, Nakonde, Lubumbashi, na hakuna aliyenipigia makofi.

Torvill na Dean ni wawili. Wengine wote wanaingia kwenye haya makundi makubwa kama Disney on Ice, mkataba wa msimu, unaishi kwenye begi. Jumamosi unaweza kufanya maonyesho matatu, na pengine uko ndani ya vazi la mnyama, jasho linakutoka, mama yako akiwa ukumbini hakujui ni yupi. Na kundi lenyewe linaweza kufa. Ice Capades lilianza 1940, lilikuwa kubwa ajabu. Dorothy Hamill, dhahabu ya 1976, aliwahi kuwa nyota wake; mwaka 1993 akalinunua likiwa limeshafilisika. Halikuinuka tena. Bingwa wa Olimpiki alishindwa kuokoa kazi ya wenzake, itakuwa diwani wetu?

Sisemi asiteleze. Nasema aambiwe ukweli: ni kazi ya barabarani, kama yangu.

Mleta mada

Dereva, hapo umepiga penyewe, na mama wa Tukuyu nakuinamia. Sikufikiria habari ya picha ya mkurugenzi.

Ila nawarudishia moja. Mabel Fairbanks, mwanamke mweusi wa Marekani, vilabu vilimfungia mlango kwenye miaka ya 1930 kwa rangi yake. Hakushindana hata mara moja. Akateleza kwenye maonyesho, akahamia Los Angeles, akawa mwalimu, akawafundisha watoto ambao wengine hawakuwataka. Yeye ndiye aliyewaunganisha Tai Babilonia na Randy Gardner wakiwa wadogo, na 1979 wakawa mabingwa wa dunia. Yeye mwenyewe medali, sifuri. Mwaka 1997 akaingizwa kwenye orodha ya heshima ya mchezo huo nchini kwao. Sasa kwa kipimo cha "ameleta kombe gani" huyo mama angelipwa nini?

Na Mnyalukolo, kuuza kwa kilo umenichekesha, ila mwalimu wa shule naye haumuuzi kwa kilo.

Dada wa Njombe

Nimesoma kimya, sasa niseme maana mnaongelea maisha yangu bila kujua.

Mimi nilisoma sarakasi TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Misimu miwili nikafanya maonyesho ya hotelini Zanzibar. Dereva yuko sahihi: unalala sita chumba kimoja, unalipwa mgeni akija, asipokuja unaambiwa msimu mbaya. Kifundo kikagoma. Nikarudi nyumbani, watu wakasema amerudi mikono mitupu. Leo nina watoto ishirini na tatu, nafundisha kwenye ukumbi wa kanisa nilioazimwa, magodoro mawili ya zamani chini. Wengine wanalipa elfu mbili kwa wiki, mmoja analipa debe la viazi, na viazi vya kwetu mnavijua. Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza nilishinda nini. Wananiuliza kama mtoto ataumia.

Kwa hiyo mimi nasema mlipeni mwalimu kwanza, sakafu baadaye. Sakafu bila mwalimu ni mahali pa kuanikia mahindi.

Halafu kwa wale wa "huo mchezo siyo wetu", tafuteni video ya Surya Bonaly, Mfaransa mweusi, Nagano 1998. Anajua ameshakosa medali, mguu unamuuma, anapiga sarakasi ya kinyumenyume na kutua kwa mguu mmoja, kitu kilichokuwa kimekatazwa. Alimaliza wa kumi. Maonyesho yakamchukua miaka mingi, kisha akafundisha Marekani. Na ile sarakasi? Mwaka 2024 wakaifungulia. Sisi hiyo tunamfundisha mtoto wa miaka tisa, juu ya godoro.

Mnyalukolo wa Kihesa

Dada, nimekuelewa, na kwa mwalimu nimelegea. Ila swali langu kubwa hamjaligusa: nani anachagua?

Sakafu ni ya wote, hata wa kuanika mahindi, tena asante kwa hilo. Mwalimu akilipwa na halmashauri, kesho yake nafasi kumi zinajazwa na mtoto wa mtendaji, mpwa wa diwani na binti wa mwenye kituo cha mafuta. Mtoto wa mitumba namba sita anabaki kushika mikoba. Nimeyaona kwenye mpira, kwenye kozi za kompyuta, kwenye kila kitu kilichokuja na orodha. Hao Nottingham walichaguliwa wakiwa tayari wanajulikana. Sisi tungechagua kabla hatujajua, na hapo ndipo undugu unapoingilia.

Fundi friji (Mafinga)

Orodha isiwepo. Anayefika na viatu anaingia, kama mashine ya kusaga. Mbona mashine hatugombani nani mpwa wa nani?

Mama wa Tukuyu

Mashine tunagombana, fundi. Wewe hujapanga foleni siku umeme umerudi.

Mleta mada

Binti amesoma mpaka hapa kwenye simu yangu. Hana neno na halmashauri. Anataka kujua kama dada wa Njombe anapokea wa matairi.

Dada wa Njombe

Aje Jumamosi yoyote. Viatu vya matairi aviache nyumbani, aje na raba. Mwezi wa kwanza kwangu ni kuanguka tu: bega, mgongo, ubavu, mpaka goti lisahau kutangulia.

Mnyalukolo wa Kihesa

Mbeya mpaka Njombe, kwenda na kurudi, kila Jumamosi. Haya, nauli nani analipa?